Sura ya Saba: Miligrei Nne

Kabla dawa za kifua kikuu hazijaenea, mgonjwa aliyelazwa katika hospitali ya kifua kikuu huko Nova Scotia, Kanada, alitibiwa kwa kusinyazwa pafu. Daktari alichoma sindano katikati ya mbavu, akaingiza hewa nje ya pafu, nalo likasinyaa ili lipumzike na vidonda vyake vifunge. Hewa hiyo haikudumu. Mwili uliinyonya, ikabidi iongezwe tena na tena kwa miezi, pengine kwa miaka. Kila ilipoongezwa, mgonjwa alisimamishwa mbele ya fluoroskopi, eksirei isiyopiga picha moja ikazima bali inayomulika mfululizo huku daktari akitazama pafu kwenye kioo. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wasichana na wanawake vijana, na wapo waliomulikwa hivyo zaidi ya mara mia moja.

Mwaka 1965 daktari Ian MacKenzie wa jimbo hilo alichapisha makala kuhusu wanawake waliotibiwa kwa njia hiyo. Saratani ya matiti ilikuwa imewaandama kwa wingi ambao bahati mbaya peke yake haiwezi kuueleza. Watafiti waliomfuata walipolinganisha majimbo ya Kanada waliona jambo linalofaa kukumbukwa katika sura hii yote. Nova Scotia, mgonjwa alisimama akilielekea bomba la eksirei. Kwingineko, kwa kawaida, aliligeuzia mgongo. Ugonjwa ulikuwa mmoja na tiba ilikuwa moja, lakini aliyelielekea bomba alipokea kwenye matiti mionzi mingi zaidi kuliko mwenzake, ambaye mionzi yake ilimezwa njiani na misuli ya mgongo, mbavu na mapafu. Hakuna aliyekusudia tofauti hiyo. Yalikuwa mazoea tu ya chumba cha eksirei, na wanawake wakalipa.

Ushahidi wa pili ulitoka Japani. Manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa afya zao kwa miongo mingi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 ilidhihirika kwamba saratani ya matiti ilikuwa imeongezeka miongoni mwa wanawake. Hatari ilipanda kadiri dozi ya mionzi ilivyopanda. Lakini umri ulikuwa na uzito wake. Waliokuwa na umri chini ya miaka 20 siku bomu lilipoanguka ndio walioongezewa hatari kubwa zaidi, ilhali kwa waliokuwa wamevuka 40 nyongeza ilikuwa ndogo. Wala saratani hizo hazikuja upesi. Msichana aliishi, akakua, akazaa, na ugonjwa ukamfikia katika umri ule ule ambao wanawake wengine huupata, ila wao kwa idadi kubwa zaidi. Titi ambalo bado linajengwa, lenye chembehai zinazogawanyika kwa kasi, hujeruhiwa na mionzi kuliko titi lililokwisha kukomaa.

Kwa hiyo mwanamke anayeketi kwenye benchi la idara ya radiolojia akauliza, “Daktari, si mtanipa saratani kwa kuitafuta saratani?” haulizi swali la ujinga. Ana haki ya kujibiwa kwa tarakimu, na tarakimu zipo. Wahudumu wengi humjibu “usiwe na wasiwasi, mama” na kumwelekeza kwenye mlango. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu kuna wakati wasiwasi huo ulikuwa wa haki kabisa.

Wazo la kulipiga titi eksirei ni la zamani. Mwaka 1913 daktari wa upasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alipiga picha matiti yapatayo 3,000 yaliyokwisha kukatwa, akaona jinsi uvimbe wa saratani unavyosambaa. Lakini titi la mtu aliye hai ni gumu kulipiga picha. Halina mfupa. Lina mafuta, tezi za maziwa na nyuzi, na vyote hivyo huipitisha mionzi karibu sawasawa. Ili kuvitenganisha unahitaji mionzi hafifu, na mionzi hafifu ndiyo hasa inayomezwa mwilini badala ya kupita na kuifikia filamu. Hapo ndipo ugumu wa jambo lote ulipo: mionzi inayoonyesha vizuri ndiyo inayoacha dozi. Mwaka 1960 Robert Egan, mtaalamu wa radiolojia wa Houston, alieleza mbinu ya kutumia volti za chini na filamu za viwandani zenye uchapaji makini. Picha zilikuwa safi na zilisambaza mamografia Marekani nzima. Filamu hizo zilidai mionzi mingi, mara kadhaa ya inayotumika leo. Baadaye kidogo ikaja zeroradiografia, picha za rangi ya buluu zilizochapwa kwenye karatasi kwa teknolojia ya mashine za kunakili. Wasomaji wa picha walizipenda kwa uwazi wake, lakini nazo hazikuwa na dozi ndogo.

Mwaka 1963 jijini New York, Philip Strax, daktari aliyefiwa na mkewe kwa saratani ya matiti, alianza pamoja na mtakwimu Sam Shapiro na daktari wa upasuaji Louis Venet jaribio kubwa la kwanza la uchunguzi wa matiti. Wanawake wapatao 62,000 wa umri wa miaka 40 hadi 64 waligawanywa kwa kura: nusu waliitwa kupimwa kila mwaka, nusu wakaendelea na matibabu yao ya kawaida. Baada ya miaka michache vifo vya saratani ya matiti katika kundi lililoitwa vilikuwa vimepungua kwa takriban theluthi moja. Faida hiyo ilionekana wazi kwa waliovuka miaka 50. Kwa walio chini ya hapo, katika miaka ile ya mwanzo, haikuonekana.

Matokeo hayo yaliwatia watu shauku, na shauku ikatangulia mbele ya hadhari. Mwaka 1973 Chama cha Saratani cha Marekani na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo vilianzisha mradi wa maonyesho katika vituo 29. Wanawake zaidi ya 280,000, kuanzia umri wa miaka 35, wangepimwa kila mwaka kwa miaka mitano. Mwaka uliofuata, Septemba 1974, mke wa rais, Betty Ford, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, na wiki chache baadaye Happy Rockefeller, mke wa aliyeteuliwa kuwa makamu wa rais, naye akapasuliwa. Wote wawili walitangaza waziwazi ugonjwa ambao hadi hapo ulisemwa kwa kunong'ona. Foleni zikajaa vituoni.

Aliyesimama na kuuliza dozi alikuwa John Bailar, mwanatakwimu na daktari ndani ya Taasisi ya Saratani yenyewe. Mwaka 1976 alichapisha makala katika jarida la tiba akisema kwamba, kwa wanawake wasio na dalili yoyote, huenda mamografia ya mara kwa mara hatimaye ikaua karibu watu wengi kama inaowaokoa. Alichukua dozi za enzi hiyo, akachukua ushahidi wa Nova Scotia na Japani, akapiga hesabu. Aliwaudhi wengi. Walisema anawatisha wanawake na kuwarudisha nyuma.

Mimi namhesabu Bailar miongoni mwa waliowatendea wema wanawake katika karne iliyopita, hata kama hesabu zake za hofu hazikutimia. Kwa sababu yake Taasisi iliunda vikundi vya wataalamu kuchunguza mradi wake yenyewe. Kikundi cha mionzi, chini ya Arthur Upton, kilikadiria kwamba dozi ya rad moja, yaani miligrei 10 kwa vizio vya sasa, huongeza hatari ya mwanamke kupata saratani ya matiti maishani kwa asilimia moja ya hatari aliyo nayo tayari. Kama hatari yake ilikuwa asilimia 7, basi inakuwa asilimia 7.07. Wanafizikia walipelekwa vituoni kupima mashine moja moja, na dozi zikaonekana kutofautiana sana kati ya kituo na kituo. Mashine zilirekebishwa, na zile zisizorekebishika zikaachwa. Mwaka 1977 mkutano wa wataalamu ulikubaliana kwamba katika mradi huo uchunguzi wa kawaida uwe kwa waliofikisha miaka 50. Walio katika miaka ya arobaini wangepimwa tu ikiwa wao wenyewe, mama zao au dada zao waliwahi kupata ugonjwa huo, na walio chini ya 40 ikiwa wao wenyewe waliwahi kuugua.

Kilichofuata ni kazi ya uhandisi ambayo haijapata sifa inayostahili. Huko Strasbourg, Charles Gros alikwisha kutengeneza, katikati ya miaka ya 1960, mashine ya kupimia matiti tu, yenye shabaha ya molibdeni badala ya tangsteni, ikitoa mionzi hafifu inayolifaa titi. Viwanda vikaleta kioo kinachong'aa kinachobanwa dhidi ya filamu, hivi kwamba mionzi michache ikatosha kuchora picha nzima. Wataalamu wakajifunza kulibana titi kwa nguvu zaidi, jambo ambalo Raúl Leborgne wa Uruguay alilisisitiza tangu mwishoni mwa miaka ya 1940.

Kuhusu kubana huku nitasimama kidogo, maana ndiko wanawake wanakolalamikia zaidi na ndiko wasikoelezwa. Mama anavua nguo ya juu, anasogea kwenye mashine, na mpiga picha analiweka titi juu ya kibao. Bamba la plastiki angavu linashuka na kulikandamiza. Kwa sekunde chache linauma, kwa wengine linauma sana. Kanga iliyokunjwa mara nne ukiiinua juani hupitisha mwanga kidogo. Ikunjue, mwanga unapita wenyewe. Titi lililotandazwa kutoka unene wa sentimita saba hadi tano huhitaji mionzi michache zaidi, halitikisiki, na vitu vilivyokuwa vimepandana ndani yake vinaachana. Mionzi inayotawanyika na kuchafua picha nayo hupungua. Mpiga picha mwenye huruma ambaye analegeza bamba ili mama asiumie anaweza kumwongezea dozi, na pengine kumrudisha kupigwa upya. Huruma iliyo bora ni kumweleza mapema, kuomba ruhusa yake, na kubana mara moja vizuri.

Kwa kawaida kila titi hupigwa picha mbili, moja kutoka juu na nyingine ya mshazari kuelekea kwapani, na kila picha huisha ndani ya sekunde chache. Katika jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2005 na kuwashirikisha wanawake karibu 50,000, wastani wa dozi kwa titi moja kwa picha mbili ulikuwa miligrei 4.7 kwa mashine za filamu na miligrei 3.7 kwa mashine za dijitali. Ndiyo maana sura hii inaitwa miligrei nne. Hiyo ni dozi inayofika kwenye tezi za maziwa, kwa kuwa ndiko saratani huanzia. Mafuta na ngozi havihesabiwi.

Grei hupima nishati iliyomezwa na tishu. Ukitaka kulinganisha mamografia na eksirei ya kifua au ya meno, unatumia kizio kingine, sivati, ambacho huzidisha dozi ya kila kiungo kwa uzito wa hatari yake na kuieneza mwili mzima. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilipandisha uzito wa titi kutoka 0.05 hadi 0.12 baada ya kupitia upya takwimu za Japani. Mashine hazikubadilika siku hiyo, lakini mamografia ile ile ikawa, kwenye karatasi, na dozi zaidi ya maradufu. Kwa hesabu za sasa uchunguzi mzima wa matiti mawili ni takriban milisivati 0.4. Binadamu wa kawaida hupokea milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye miamba, angani, chakulani na katika gesi ya radoni anayoivuta ndani ya nyumba. Basi mamografia moja ni kama miezi miwili ya kuishi duniani. CT ya kifua inaweza kufika milisivati 7, na inapita kwenye matiti hayo hayo, mara nyingi ikiyaachia dozi iliyo kubwa kuliko ya mamografia. Nimewasikia wanawake wengi wakiuliza kuhusu mamografia. Kuhusu CT sijasikia mmoja akiuliza, na mimi ningependa waulize kuhusu zote mbili.

Sasa twende kwenye hatari yenyewe. Mwaka 2016 Diana Miglioretti na wenzake walitengeneza kielelezo cha wanawake 100,000 wa Marekani wanaopimwa kila mwaka kuanzia miaka 40 hadi 74 kwa mashine za dijitali. Makadirio yao ni kwamba mionzi ingesababisha saratani 125 na vifo 16. Uchunguzi huo huo ungezuia vifo 968. Wakianza wakiwa na miaka 50 na kupimwa kila baada ya miaka miwili, saratani zitokanazo na mionzi zingeshuka hadi 27 na vifo hadi 4. Ni makadirio, hakuna anayeweza kumnyooshea mwanamke kidole akasema saratani yake ilitoka kwenye mashine. Lakini yamejengwa juu ya dhana za tahadhari, kwamba hata dozi ndogo kabisa ina madhara yake.

Wastani nao huficha watu. Mwanamke mwenye matiti makubwa, ambayo hayaenei kwenye kibao kimoja, hupigwa picha za ziada, na kila picha huhitaji mionzi zaidi kwa sababu ya unene. Watafiti hao hao walikadiria kwamba hatari yake ni zaidi ya maradufu ya mwenzake mwenye matiti madogo. Bado faida inazidi, lakini kituo chenye kibao kikubwa kinachomfaa kinampunguzia picha, na ni haki yake kukipata.

Ninaposema mionzi ni hatari ndogo sana kwa mwanamke wa miaka 50, simaanishi kwamba uchunguzi hauna madhara. Jopo huru la Uingereza lililoongozwa na Michael Marmot mwaka 2012 lilikadiria kwamba kwa kila kifo kimoja kinachozuiwa, wanawake watatu hivi hugunduliwa na kutibiwa saratani ambayo isingewasumbua maishani mwao. Upasuaji na dawa wasizozihitaji ni mzigo mzito kuliko miligrei nne, na ndio wanaopaswa kuelezwa kwanza.

Dozi ndogo haijilindi yenyewe. Marekani ilipitisha sheria ya ubora wa mamografia mwaka 1992, na tangu Oktoba 1994 kituo kisicho na cheti hakiruhusiwi kupiga picha. Kikomo ni miligrei 3 kwa picha moja ya titi la bandia. Titi hilo ni kipande cha plastiki kinachotoshea kiganjani, ndani yake kuna nta iliyofichwa nyuzi sita nyembamba, vikundi vitano vya chembe kama chokaa, na vivimbe vitano vidogo. Mashine ya filamu ilipaswa kuonyesha angalau nyuzi nne, vikundi vitatu na vivimbe vitatu, na bado ibaki chini ya kikomo cha dozi. Masharti hayo mawili lazima yaende pamoja. Mtu yeyote anaweza kupunguza mionzi hadi karibu sifuri; atapata picha hafifu yenye ukungu, saratani itapita bila kuonekana, na hata ile dozi ndogo itakuwa imetolewa bure. Dozi isiyozaa jibu ndiyo kubwa kuliko zote.

Teknolojia mpya imelifufua swali hili. Tomosinthesisi, ambayo bomba lake huzunguka kwa upinde na kulichora titi tabaka kwa tabaka, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011. Mwanzoni ilifanywa pamoja na mamografia ya kawaida, na dozi ikawa karibu maradufu. Tangu mwaka 2013 programu za kompyuta zinaweza kuunda picha ya kawaida kutoka kwenye tabaka hizo bila kumpiga mwanamke mara ya pili, na dozi ikarudi karibu na ilipokuwa. Mwanamke anayepewa tomosinthesisi anaweza kuuliza: je, picha ya kawaida itapigwa pia, au itatengenezwa na kompyuta?

Wengine huomba kola ya risasi ya kulinda tezi ya shingo. Mionzi inayofika pale ni ile iliyotawanyika tu, na chuo cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani kimeilinganisha na nusu saa ya mionzi ya asili. Kola yenyewe inaweza kuingia kwenye picha na kulazimisha irudiwe, hapo ndipo dozi huongezeka kweli.

Kinachobaki kizito ni umri. Wanawake waliorithi kasoro kwenye jeni za BRCA wako katika hatari kubwa tangu ujanani, na mionzi huharibu DNA, ambayo jeni hizo ndizo husaidia kuitengeneza. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba, miongoni mwao, waliopigwa picha za mionzi kabla ya kutimiza miaka 30 walikuwa na saratani ya matiti zaidi ya wasiopigwa. Ndiyo maana kwa umri huo hushauriwa MRI, isiyotumia mionzi kabisa. Na binti wa miaka 22 anayekuja na uvimbe, awe na jeni hizo au asiwe nazo, huanza kwa ultrasaundi. Titi lake limejaa tezi, kwenye mamografia litaonekana jeupe lote, na angepokea dozi katika umri mbaya zaidi kwa picha isiyosema kitu.

Kwetu Afrika Mashariki wanawake wengi hufika hospitali wakiwa tayari wameushika uvimbe kwa mkono wao, na katika hatua ambayo ugonjwa umekwenda mbali. Shirika la Afya Duniani limeshauri nchi zenye huduma chache zianze na kugundua mapema wenye dalili, kabla ya kufikiria kuwaita wanawake wote wazima kwenye mamografia. Kwa mama wa miaka 45 mwenye uvimbe, miligrei nne si suala. Kuzikataa kwa hofu ya mionzi, kisha kurudi baada ya mwaka uvimbe ukiwa umetoboa ngozi, ni hasara ambayo hesabu yoyote ya dozi haiwezi kuihalalisha, na wanaomtia hofu hiyo mtaani wanabeba lawama.

Suala ni mashine. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kenya ina Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Hizi ndizo zinazotoa leseni kwa mashine za mionzi na kuzikagua. Mwanamke anayelipia uchunguzi katika kituo chochote anaweza kuomba kuonyeshwa leseni hiyo na kuuliza mashine ilipimwa lini mara ya mwisho na mwanafizikia wa tiba. Mashine nyingi za dijitali huandika dozi ya kila picha kwenye kioo cha mpiga picha, kwa miligrei, papo hapo bamba linapoachia. Mama anaweza kuomba asomewe tarakimu hiyo, na aiandike kwenye kadi yake pamoja na tarehe.